Kali, Tara au Chhinnamasta: anza na mikono, ulimi utausoma baadaye

Tuanze na jina, maana hapa Mswahili ndiye anayetegwa kuliko mtu mwingine. Kali wa Wahindu si "mkali" wetu. Katika Kisanskriti irabu ya kwanza huvutwa, Kaali, na jina linatokana na kaala, neno lenye maana mbili: wakati na weusi. Yeye ni wakati unaomeza kila kilichozaliwa, na ni giza ambalo rangi zote huzama ndani yake. Kwamba sura yake ni kali pia ni sadfa ya lugha mbili tu, lakini sadfa yenye hasara, kwa sababu msomaji huishia kwenye ukali akadhani amemaliza.

Katika mapokeo ya tantra, njia ya ibada ya siri ya Kihindu, kuna miungu wa kike kumi wanaohesabiwa pamoja kwa jina la Mahavidya, yaani Maarifa Makuu. Si wote wanaotisha. Kamala, anayetajwa wa mwisho, ameketi juu ya yungiyungi huku tembo wakimmwagia maji, na hata mtoto mdogo hamkimbii. Wanaochanganywa ni watatu: Kali, Tara na Chhinnamasta. Wote wana vichwa vilivyokatwa, damu, na mtu au watu waliolala chini ya nyayo zao. Wakitundikwa pamoja kwenye ukuta wa duka, mgeni humwona mmoja mara tatu.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Ukitaka picha ya nyumbani au umbo la kuanzia kutafakari, chukua Dakshina Kali, mojawapo ya maumbo ya Kali. Ukiwa na mzigo wa hofu au msiba na unatafuta umbo la kukuvusha, mwangalie Tara. Chhinnamasta msome, mchore, mwandikie tasnifu ukipenda, ila usimfanye ibada ya nyumbani bila mwalimu. Sababu zinaanzia kwenye mikono.

| | Dakshina Kali | Tara | Chhinnamasta |
|---|---|---|---|
| Rangi | nyeusi, au buluu iliyoiva | buluu | nyekundu |
| Mikono | minne: upanga, kichwa, ishara ya "usiogope", ishara ya kutoa | minne: upanga, kisu cha kupinda, yungiyungi la buluu, bakuli la fuvu | miwili: kisu, na kichwa chake mwenyewe |
| Chini ya miguu | mumewe Shiva, mweupe, amelala chali | maiti, katikati ya moto wa kuchomea wafu | mungu wa tamaa, aitwaye Kama, na mkewe Rati, wakiwa wamelala pamoja |
| Kiunoni | mkanda wa mikono iliyokatwa | ngozi ya chui milia | hana kitu |
| Nywele | zimeachiwa | msokoto mmoja, nyoka juu yake | zimeachiwa |

Dakshina Kali: kushoto kunakata, kulia kunatoa

Mgawanyo wa mikono yake ndio funguo ya picha nzima. Mkono wa kushoto wa juu umeshika upanga, wa chini umeshika kichwa kinachochuruzika damu. Mkono wa kulia wa juu umefunguliwa kiganja kikikutazama: usiogope. Wa chini umeelekezwa chini, kiganja wazi: chukua. (Kushoto na kulia hapa ni kwake yeye, kwa mtazamaji ni kinyume.) Upanga ni maarifa, na kichwa ni ahamkara, ile "mimi" inayodai kila kitu ni chake. Hivyo kinachokatwa na kinachotolewa ni tendo moja lenye pande mbili. Anayeona upande wa kushoto peke yake humwita muuaji, na anayeona upande wa kulia peke yake hataelewa kwa nini mama mwema amevaa maiti za watoto kama herini.

Herini hizo zimo kweli katika beti za tafakuri yake. Shada la shingoni lina vichwa 50, au 51 kwa hesabu nyingine, idadi ya herufi za Kisanskriti. Amevaa lugha. Kila jina na kila neno linalotenganisha hiki na kile limekatwa likatungwa kama shanga. Usijisumbue kuvihesabu kwenye picha ya kalenda, mchoraji huweka vinavyoenea. Mkanda wa mikono iliyokatwa ni matendo na matokeo yake, kwa kuwa mkono ndio unaotenda. Macho ni matatu: jua, mwezi na moto. Uchi wake una jina, digambari, aliyevikwa anga. Wakati hauna vazi la kuutosha.

Chini yake yuko Shiva, na hapa kuna mchezo wa hati ambao aliyepita chuoni akasoma herufi na irabu zake ataudaka upesi. Katika maandishi ya Kisanskriti, ukiondoa alama ya irabu i kwenye neno Shiva, herufi zilezile husomeka shava, yaani maiti. Herufi haijabadilika, imeondoka alama tu. Ile alama, wasema wanatantra, ndiyo shakti, nguvu ya kike. Bila yeye, bwana wa viumbe vyote ni mzoga. Kwa hiyo hajamkanyaga adui. Amesimama juu ya utulivu, naye ni mwendo.

Na ulimi? Kuna maelezo matatu, hayana uzito sawa. La kwanza linatoka katika Devi Mahatmya, matini ya karibu karne ya 6: pepo Raktabija alikuwa kila tone la damu yake likigusa ardhi linazaa pepo mwingine, basi Kali akatandaza ulimi akayanywa matone kabla hayajafika chini. La pili ni la wafafanuzi wa tantra: ulimi mwekundu ni rajas, harara na mwendo, meno meupe yanayoubana ni sattva, uangavu na utulivu, uangavu unazuia harara. La tatu ndilo utakalosimuliwa kwanza ukifika Bengal, mashariki ya India: alikuwa akicheza kwa kulewa ushindi hadi dunia inatikisika, mumewe akajilaza njiani, alipojikuta amemkanyaga akauma ulimi kwa aibu, kama Wabengali wafanyavyo hadi leo. Ni kisa kitamu, kinampendeza kila mtu, na sisi tunakipa nafasi ya mwisho: beti za tafakuri zinamweleza anacheka, haya haimo.

Sasa tahadhari ya kweli ya mnunuzi. Mguu ulio kifuani mwa Shiva ukiwa wa kulia, na upanga uko kushoto, huyo ni Dakshina Kali, wa nyumbani. Mguu ukiwa wa kushoto na upanga uko kulia, huyo ni Smashan Kali, wa uwanja wa kuchomea maiti, ambaye mapokeo hayamweki kwenye nyumba yenye familia. Picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo, na mtandaoni zimejaa, humgeuza mmoja kuwa mwingine kwa kubonyeza kitufe kimoja. Watu wamechapisha, wametia fremu, wametundika, wasijue. Kabla ya kulipa, tafuta maandishi yoyote ndani ya picha, hasa alama ya Om (ॐ) kwenye pembe. Ikisomeka kinyumenyume, picha imegeuzwa na mguu pia. Kama hakuna maandishi, angalia viganja: kama ishara za kutoa ziko mikono ya kushoto, iache.

Neno dakshina lenyewe lina maana ya kulia, pia kusini. Kusini ni upande wa Yama, mwenye mauti, na mapokeo yanasema Yama hukimbia akisikia jina la huyu. Kwa umbo hili la ibada ya nyumbani, Wabengali humshukuru mwanatantra Krishnananda Agamavagisha wa Nabadwip. Hekalu linalojulikana zaidi ni Dakshineswar, kando ya mto Hooghly, lililofunguliwa mwaka 1855 na Rani Rashmoni, ambako Ramakrishna (1836–1886) alihudumu kama kuhani. Kalighat, hekalu jingine la jiji la Kolkata, ina Kali mwingine kabisa kwa sura: jiwe lenye macho matatu makubwa na ulimi mrefu wa dhahabu, bila mwili wa kuchambua mguu upi uko mbele.

Tara: mvushaji

Jina lake linatokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kuvuka. Tara ni wa kuvusha, kama mwenye mtumbwi kwenye mto uliofurika. Kwa mbali anafanana na Kali, na wachoraji wa picha za bei nafuu huwapa wote buluu ileile. Mtenganishe kwa vitu vitatu: ni mfupi na tumbo limetuna, kiunoni ana ngozi ya chui milia, na nywele zake ni msokoto mmoja. Hana ishara ya "usiogope" wala ya kutoa. Badala yake ana bakuli la fuvu na yungiyungi.

Hilo humshangaza anayetarajia mwokozi. Mvushaji gani asiye na mkono mtupu wa kukushika? Jibu liko kwenye zana. Kisu kidogo cha kupinda, kartri, ni cha kukata kamba, na ndiyo kazi ya kwanza ya kuvusha: chombo kilichofungwa gatini hakiendi popote. Upanga unakata kikubwa, kisu kinamalizia vifundo vidogo. Fuvu hupokea kilichokatwa, na yungiyungi huonyesha kinachochipuka. Amesimama ndani ya moto wa kuchomea wafu, mguu wa kushoto mbele. Kwa sababu hiyo mapokeo humwelekeza mtu aliyekwama kwenye msiba kwake kabla ya kwa Kali: Kali huanza na "mimi" yako, Tara huanza na mahali ulipokwama.

Nyoka wa kichwani mwake anaitwa Akshobhya, Asiyetikisika, ambaye kwa Wabudha ni Buddha mmojawapo. Ni alama ya udugu wa tantra hizi mbili, na ndiyo inayoleta kosa la manunuzi: ukitafuta "Tara" mtandaoni utaletewa Tara wa kijani wa Tibet, kijana mpole aliyeketi na mguu mmoja chini. Ni mzuri, ila siye. Tafuta Ugratara, Tara wa kutisha.

Hekalu lake kubwa ni Tarapith, wilaya ya Birbhum, West Bengal, alikoishi mtakatifu wa uwanja wa kuchomea maiti, Bamakhepa (1837–1911). Ukifika hapo unakuta uso wa metali, macho makali, ulimi, na mashada ya haibiskasi nyekundu. Hilo ni funiko. Chini yake kuna jiwe ambalo waumini wanaliona kama mama anayemnyonyesha mtoto, na mtoto huyo ni Shiva. Kisa chake: bahari ilipokorogwa ikatoa sumu ya halahala, Shiva akainywa kuuokoa ulimwengu, akazimia kwa ukali wake. Tara akamgeuza mtoto mchanga akampakata na kumnyonyesha, maziwa yakaivunja sumu. Uso wa kutisha nje, titi ndani, na mhudumu huyavua mashada na funiko kwa saa chache tu za siku. Hakuna sanamu nyingine tunayoijua inayoeleza ibada ya mungu wa kutisha kwa ufupi hivyo.

Chhinnamasta: aliyejikata

Jina ni la moja kwa moja: chhinna, iliyokatwa, masta, kichwa. Ni msichana wa miaka 16, mwekundu, uchi, kisu mkono wa kulia, kichwa chake mwenyewe mkono wa kushoto. Shingoni yanaruka mabubujiko matatu ya damu. Mawili yanaingia vinywani mwa wasaidizi wake, Dakini na Varnini. La tatu linaingia kwenye kinywa cha kile kichwa alichokishika. Hesabu mabubujiko kwenye picha yoyote: yakiwa mawili, mchoraji hakuelewa, na maana yote imepotea.

Maana yenyewe ni kwamba anayelisha, chakula na anayelishwa ni mmoja. Kisa husema wasaidizi walilia njaa baada ya kuoga mto Mandakini, akawaahidi, wakazidi kulia, akajikata. Wanayoga husoma damu ileile kama njia tatu za pumzi mwilini: ida kushoto, pingala kulia, sushumna katikati. La katikati ndilo linalorudi kwa mwenyewe. Wengi hushtuka kwamba kichwa kilichokatwa kina uhai na kinakunywa, wakati hilo ndilo somo: akili ya kawaida imeondolewa, na ufahamu haujafa.

Chini ya miguu, Kama na Rati, mungu wa tamaa na mkewe, wako katika tendo la ndoa. Wafafanuzi wamegawanyika. Wengine husema anaikanyaga tamaa. Wengine husema anasimama juu yake kama mti juu ya mizizi, na nguvu inapanda kutoka hapo. Sisi tunaegemea la pili, kwa kuwa wawili hao hawana dalili ya kuumia. Lakini la kwanza ndilo utakalosikia kwa wahubiri.

Linganisha sasa na mikono ya Kali. Kali ana mikono miwili kwa ajili yako. Chhinnamasta hana hata mmoja: wa kulia umekata, wa kushoto umebeba alichokata. Hakuna kiganja cha kushika. Ndiyo sababu mapokeo humwachia mwenye diksha, yaani aliyeingizwa rasmi na mwalimu, na nyumba za kawaida hazina sanamu yake. Atakaye kumzuru huenda Rajrappa, jimbo la Jharkhand, pale mto Bhairavi unapoingia Damodar.

Kuna wengine wanaotajwa mkumbo mmoja na hawa. Dhumavati ni mjane mzee kwenye gari lisilo na mnyama wa kulivuta, kunguru bendera yake, ungo mkononi. Ungo ni wa kupepeta, kutenga punje na makapi, na yeyote aliyewahi kukaa uani na mchele hahitaji mfafanuzi. Waliooa na kuolewa huambiwa wasimweke nyumbani. Chamunda ni mifupa mitupu na nge tumboni. Anawafaa wanaosoma sanaa ya mawe ya India ya kale, wengine wapite.

Ukishachagua

Ibada ndogo ya nyumbani kwa Dakshina Kali ina vitu vitano: msandali uliosagwa, ua, ubani, taa, chakula. Ua ni haibiskasi nyekundu. Siku kubwa hutungwa shada la 108, siku ya kawaida moja latosha. Taa moja ya samli au mafuta ya ufuta. Chakula kiwe kipya, tunda au kitu kitamu, na usikionje kabla, kilichoonjwa hakitolewi. Siku yake kubwa ni usiku wa giza, mwezi usipoonekana angani, katika mwezi wa Kartik, Oktoba au Novemba, usiku uleule ambao sehemu nyingine za India zinawasha taa za Diwali.

Pombe na nyama, ambazo ndizo wageni huziulizia kwanza, ni za "njia ya mkono wa kushoto", tawi la tantra linalotumia vitu vilivyokatazwa, na zina masharti. Hata humo mbadala unaruhusiwa: maji ya dafu katika chombo cha shaba nyeusi hushika nafasi ya mvinyo.

Kosa kubwa zaidi ni la mantra, maneno matakatifu ya kurudiwarudiwa. Mtu hukuta mtandaoni mantra ya Kali yenye silabi 22 akaanza kuihesabu usiku kucha. Mapokeo hayaihesabu kuwa mantra mpaka itoke kinywani mwa mwalimu. Kabla ya hapo ni sauti. Tena hesabu yenyewe si mchezo. Kamili, iitwayo purashcharana, hushuka kwa kumi kwa kumi: ukisoma mara 100,000, unatoa sadaka 10,000 motoni, unamwaga maji 1,000, unanyunyiza 100, unalisha watu 10. Anayesoma tu akaacha hatua nne zilizobaki amelima bila kupanda. Asiye na mwalimu atumie jina lake tu, au nyimbo za Ramprasad Sen wa karne ya 18, aliyemlalamikia Kali kama mtoto anavyomlalamikia mama aliyechelewa kupika. Tasbihi iwe ya shanga 108, ihesabiwe kwa dole gumba na cha kati, kidole cha shahada kisiiguse. Ukifika kwenye shanga kubwa usiivuke, geuza urudi ulikotoka.

Wanaopendelea mchoro badala ya sura watumie yantra: nukta, pembetatu tano zikiwa moja ndani ya nyingine, yungiyungi la petali nane, na mraba wenye milango minne. Ncha za pembetatu zote zielekee chini. Ukiitundika juu chini, umetundika alama ya Shiva.

Kanuni hizi za mguu na mkono ni za Bengal na majirani zake. Wahindu wengi wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam asili yao ni Gujarat, na Kali anayejulikana huko ni Mahakali wa mlima Pavagadh, ambaye kwenye hekalu lake ni uso mwekundu tu, hana mguu wala upanga wa kukagua. Kwao anafikiwa kwa nazi, ushungi mwekundu na ngoma ya garba katika usiku tisa wa Navaratri. Ukimuuliza jirani wa Kigujarati mguu upi uko mbele, atakushangaa, na atakuwa na haki.

Sanamu ya udongo, kama zile zinazofinyangwa mtaa wa Kumartuli, Kolkata, juu ya mifupa ya mianzi na nyasi kavu, haikai mwaka mzima. Ibada ikiisha hupelekwa mtoni ikayeyuka. Asiye na mto hutumia ndoo: maji yaifunike sanamu yote, iachwe mpaka udongo uachie, kisha yamwagwe kwenye shina la mti. Hakikisha haikupakwa rangi ya mafuta, maana hiyo haiyeyuki, na utabaki na uso unaoelea ukikutazama.